Motokaa Iliyopona

Kazi ina furaha mbili, na watu wengi huzichanganya. Furaha ya kwanza ni ya kuitenda. Ya pili ni ya kuwa nayo baada ya kutendwa. Mtu aliye katikati ya kazi hudhani kuwa furaha yake yote inamngoja mwisho wa njia. Hujinyima usingizi, hujinyima fedha, na hujinyima hata mazungumzo ya jamaa zake, akijiambia kwamba siku ya kumaliza ndiyo siku atakapoanza kufurahi. Siku hiyo hufika, na aghalabu hufika mikono mitupu. Nyumba iliyojengwa kwa shauku huhamiwa kwa unyonge, na kitabu kilichoandikwa kwa usiku mwingi hutiwa kabatini na mwandishi wake asikifungue tena.

Jambo hili huonekana wazi sana kwa watu wanaofufua magari ya zamani. Hutumia miaka mingi na fedha nyingi kukirudishia uhai chombo kilichokufa, na kikisha kuwa hai, hukiacha. Wengine hukiuza kabla ya vumbi la safari ya kwanza kufutwa. Wengine hukifunika turubai na kwenda kutafuta mzoga mwingine. Wanaowatazama kwa mbali huwaita vigeugeu. Yafaa neno hilo lichunguzwe kabla ya kukubaliwa, maana yamkini ugonjwa upo, lakini jina lake si hilo.

Palikuwa na fundi chuma mmoja mjini Tanga aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kukereza vyuma, mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 60. Kustaafu kwa mtu aliyeishi kwa mikono yake ni jambo zito kuliko linavyosemwa katika hotuba za kuagana. Asubuhi ya kwanza aliamka saa kumi na moja kama ilivyokuwa desturi yake, akaoga, akavaa, na alipofika mlangoni akakumbuka kwamba hapana mtu anayemngoja. Alikaa barazani mpaka jua likapanda. Siku nyingi zilizofuata zilifanana na hiyo. Mkewe alizihesabu, lakini hakusema neno.

Miezi michache baadaye alikwenda Korogwe kuzika, na nyuma ya nyumba ya marehemu akaona Peugeot 404 imelala chini ya mwembe. Matairi yalikuwa yameoza, sakafu imeliwa na kutu, na kuku alikuwa akiatamia mayai juu ya kiti cha nyuma. Fundi aliizunguka mara tatu pasipo kusema. Matanga yalipokwisha aliwauliza wafiwa, kwa adabu, kama wangekubali kumwuzia. Walikubali upesi, kwa kuwa kwao ilikuwa banda la kuku tu. Ililetwa Tanga juu ya lori, na vijana wa mtaa waliikimbilia wakicheka.

Hakuinunua kwa urahisi wa bei. Motokaa za aina ya 404 zilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Lakini katika Afrika Mashariki jina lake halikukuzwa na uzuri wa umbo, lilikuzwa na matope. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalipita katika njia ambazo wakati wa mvua hata ng'ombe huzikwepa. 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 magari zaidi ya 80 yalianza na 7 tu yakafika mwisho; katika miaka yote miwili wa kwanza walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff ndani ya 404. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell. Fundi alikuwa mtoto wa miaka kumi mwaka 1967. Alipelekwa kando ya njia na baba yake alfajiri, akasubiri, na alichokiona hatimaye kilikuwa tope lenye taa mbili. Lilipita kwa ngurumo, likatoweka, wala halikumtoka moyoni kwa miaka hamsini.

Kazi ilichukua miaka sita. Ni kazi inayostahili kuelezwa kidogo, kwa sababu asiyejua uzito wake hawezi kujua uzito wa kilichofuata. Injini ya 404 ina silinda 4 na ujazo wa sentimita 1,618, nayo haikusimama wima kama injini nyingine. Imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti ikae chini. Mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka huweza kuchomolewa ikatiwa mingine, na hii ni rehema kubwa kwa fundi maskini. Magurudumu ya nyuma huzungushwa kwa namna isiyo ya kawaida: parafujo ya chuma inasukuma gurudumu la meno la shaba nyeusi, kwa utulivu mwingi, ila likikosa oili yake huliwa na kwisha. Gia hutiwa kwa mkono ulio kwenye usukani. Fundi alijifunza mambo haya moja baada ya moja, kwa kufungua, kukosa na kufunga tena.

Motokaa ya abiria ya 404 ilikoma kutengenezwa Ufaransa mwaka 1975, na vipuri vyake ni vya kusakwa kama dawa ya mitishamba. Fundi alisafiri hadi Mombasa na Nairobi, akauliza kwa wazee wenye maduka, akarudi na kabureta katika mfuko wa unga. Kisichopatikana alikikereza mwenyewe. Kutu ilikatwa na bati jipya likachomelewa. Bodi ikapigwa msasa, ikapakwa, ikapigwa msasa tena. Vijana watatu wa mtaa, waliokuja kwanza kucheka, walianza kuja kila Jumamosi kushika taa, kisha kushika spana, kisha kubishana naye. Walimwita Babu, wakamwamkia, na wakala mihogo ya mkewe. Viti vilishonwa na mkewe mwenyewe kwa cherehani yake, kwa kuwa gharama ya mshonaji wa mjini ilizidi uwezo wao. Alishona usiku, akavunja sindano nyingi, na mishono yake ilikuwa imenyooka kama safu za mkonge.

Mwaka 2023 injini iliwaka na kutulia. Rangi ilikuwa ya maziwa, kromu iling'aa, na milango ilifungika kwa kidole. Fundi aliiendesha mpaka Raskazone na kurudi, vijana wamejazana nyuma, mkewe ameketi mbele na kanga mpya. Watu walisimama, wengine wakapiga makofi. Usiku ule hakulala kwa furaha.

Wiki ya kwanza aliipangusa kila siku. Wiki ya pili aliipangusa Ijumaa. Mwezi wa pili aliifunika turubai. Palikuwa na sababu kila mara: leo mvua, kesho vumbi, keshokutwa bei ya petroli. Mkewe alipomwomba ampeleke Muheza kumwona dada yake, safari isiyozidi kilomita 40, alijibu, "Juma lijalo, inshallah." Juma lijalo lilipofika, mke alipanda basi. Vijana walikuja Jumamosi mbili, wakakuta hakuna cha kushika, wakaacha kuja. Fundi akarudi barazani, mahali pale pale alipokaa mwaka 2017, na turubai lilikuwa mbele yake.

Nini kilichomfika? Yawezekana kusema kwamba alikuwa amepata sifa aliyoitaka, na aliyeshiba sifa hana haja ya chombo kilichomletea. Lakini fundi huyu hakuwa mtu wa majivuno. Makofi yalimpendeza siku moja, kisha akayasahau. Yawezekana kusema pia kwamba aliogopa kuiharibu. Hofu hii ilikuwapo kweli. Mtu aliyepiga msasa mlango mmoja kwa siku tisa hawezi kuutazama mwiba wa njiani kwa moyo mtulivu. Hata hivyo hofu hulinda kitu kinachopendwa, na mwenye hofu hiyo angalau huchungulia chini ya turubai. Fundi hakuchungulia.

Sababu ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na kweli. Kwa miaka sita palikuwa na kitu kilichomhitaji. Asubuhi ilikuwa na swali, na swali lilikuwa na jina: breki, kabureta, bati la sakafu. Aliamka ili ajibu. Motokaa ilipopona iliacha kuuliza. Alichokipenda hakikuwa chuma kilichong'aa uani; alipenda kuhitajiwa, na kupona kwa mgonjwa kulimnyima tabibu kazi. Hapa ndipo jina la kigeugeu linapokosea. Kigeugeu hupenda kitu leo na kingine kesho. Fundi alikuwa amependa jambo moja tu maisha yake yote, nalo lilikuwa limeondoka ndani ya motokaa siku ile ile ilipowaka.

Mtu aweza kupinga akisema kwamba hapana aibu katika hali hii. Mkunga hawalei watoto wote aliowapokea. Humkabidhi kila mmoja kwa mama yake, akanawa mikono, akaenda nyumba nyingine anakosubiriwa. Wala hapana amwambiaye kwamba hana mapenzi. Kuna watu walioumbwa kwa ajili ya mwanzo wa mambo, na pasipo wao mizoga mingi ingeoza chini ya miembe. Pingamizi hili ni la haki. Lau fundi angemwuzia motokaa yake mtu wa kuiendesha, na kwa fedha ile akanunua mzoga mwingine, pasingekuwa na la kulaumu. Lakini mkunga hamfuniki mtoto turubai. Kosa linaanza pale ambapo mtu hawezi kukitumia kitu wala hataki kukiachilia, bali hukiweka kiwe ushahidi wa siku zilizopita. Kitu cha namna hiyo ni kama mkakasi wa methali: uzuri wote uko nje, na ndani ni kipande cha mti.

Ziwa Tanganyika latoa mfano wa chombo kilichofufuliwa kikaepuka msiba huu. Meli iliyoitwa Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapelekwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza mafundi wake walizipaka injini grisi nzito, kama watu wanaomzika mtu huku wakitumaini kwamba ataamka. Mwaka 1924 ilitolewa chini ya maji, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hapana aliyepata nafasi ya kuichoka. Gatini palikuwa na watu wenye magunia, samaki wakavu na watoto mgongoni, wakingoja kuchukuliwa. Nayo ikawachukua kwa miongo mingi. Walioifufua hawakubaki na swali la kuifanyia nini, kwa kuwa jibu lilikuwa limejipanga mstari ufukweni.

Kwenye gati la 404 hapakuwa na abiria. Au, kwa kusema kweli, palikuwa na abiria mmoja, ila mwenye chombo hakumwona.

Wakati huo motokaa haikuwa imetulia chini ya turubai kama fundi alivyodhani. Gari lisilotembea haliko salama. Huharibika kwa ukimya. Petroli iliyolala muda mrefu hupoteza nguvu na kuacha utomvu katika matundu madogo ya kabureta. Oili ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga ina unyevu mwingi na chumvi. Betri hufa, raba hukauka na kupasuka, matairi hupata ubapa pale yaliposimama, na kutu, adui aliyefukuzwa kwa miaka sita, hurudi kwa mlango wa nyuma pasipo kubisha hodi. Motokaa ile ilikuwa inamhitaji fundi kila siku, kwa sauti ndogo ambayo sikio lililozoea ngurumo halikuisikia.

Hii ndiyo tofauti kati ya kukarabati na kutunza. Kukarabati kuna mwanzo na mwisho, kuna kabla na baada, na watu waliokiona kitu kibovu hushangaa wakikiona kizima. Kutunza hakuna mwisho wala mashahidi. Anayetunza akifanya kazi yake vema, jana na leo hufanana, wala hapana ampigiaye makofi mtu kwa sababu kitu hakikuharibika. Kwa hiyo ulimwengu una wajenzi wengi na watunzaji wachache. Visima huzinduliwa kwa ngoma na pampu zake hufa kwa kukosa grisi. Harusi hutengewa fedha za miezi kumi, na ndoa huachwa ijitafutie.

Jioni moja mwaka 2024 mke alirudi kutoka Muheza kwa basi, miguu imemvimba. Alimwamkia mumewe, akaketi barazani, akanywa maji. Alilitazama turubai kwa muda, kisha akasema kwa upole, bila ugomvi wowote katika sauti yake:

"Bwana, miaka sita ulikuwa ukiamka kwa ajili yake. Ilipopona umeiacha. Nimekuwa nikijiuliza njiani: mimi nilipona lini?"

Walikuwa wameoana kwa miaka 38. Fundi alifungua kinywa, akakifunga. Alikumbuka kwamba mwanzoni mwa ndoa yao alivuka mto uliofurika kwa ajili ya mwanamke huyu. Na alipojaribu kukumbuka jambo alilomfanyia mwezi ule, hakuliona. Viti vile alivyovishona usiku vilikuwa chini ya turubai hilo hilo. Mke hakungoja jibu. Aliingia ndani kuwasha moto.

Asubuhi fundi aliondoa turubai. Injini haikuwaka. Alifungua kabureta na kuliosha, akabadili oili ya breki na kutoa upepo, akatia petroli mpya na kuazima betri. Ilikuwa kazi ya siku mbili, ndogo, isiyo na hadhi, na hapana aliyekuja kutazama. Jumamosi alimfungulia mkewe mlango na kumwambia, "Twende Muheza." Mke alikwenda kuvaa kanga pasipo kumwuliza lolote.

Itakuwa uongo kusema kwamba shauku ya zamani ilirudi. Haikurudi, na pengine haikupaswa kurudi, kwa kuwa ilikuwa shauku ya kutafuta, na kilichotafutwa kilikuwa kimepatikana. Njiani mvua iliwakuta, na lori likawarushia tope mpaka kioo kikafungika. Fundi alishuka kukifuta, akaitazama motokaa yake imetapakaa matope kutoka bampa hadi paa, na taa mbili zinachungulia. Mkewe alimwona akicheka peke yake kwenye mvua. Muheza, sokoni, baiskeli iliukwaruza mlango uliopigwa msasa siku tisa. Alihisi maumivu, kisha, kwa mshangao wake, alihisi wepesi, kama mtu aliyeondolewa mzigo wa kulinda yai.

Tangu siku hiyo safari ya Muheza imekuwa ya kila mwezi. Siku moja kabla yake fundi hupima oili, hukagua matairi, hutazama kama shaba ya nyuma inapata haki yake. Katika vijana watatu mmoja amerudi, naye hujifunza kazi hii ndogo. Wawili wana shughuli zao, na wakipita husalimu. Wakati mwingine fundi huona mzoga nyuma ya nyumba ya mtu na moyo wake huruka. Hajaununua wowote, wala hajaapa kuwa hatanunua. Ila kwanza hujiuliza nani atapanda siku utakapopona, na asipopata jina la mtu, hupita.

Methali husema kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Yafaa pia ijulikane kwamba kumaliza jembe si mwisho wa jembe. Mhunzi aliyelifua ana haki ya kulichoka, na aweza kulitoa kwa mkulima bila lawama. Lakini jembe lisilotolewa wala kutumiwa huliwa na kutu ukutani, likimtazama. Na mtu anayeogopa siku ya kumaliza kazi yake asijilaumu kwa hofu hiyo. Na atazame pembeni, kabla msasa wa mwisho haujakauka vumbi, aone ni nani amekuwa akimshonea viti.